Sungura wa Kariakoo kwao ni wapi?

Jina la Kariakoo wengi tunajua lilikotoka: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Lakini sungura anayeuzwa kwenye tenga pembeni ya kuku sokoni, je, yeye katoka wapi?

Wengi tunadhani ni yule yule mjanja wa hadithi, anayemzidi fisi akili. Hapana, siye. Sungura wa kawaida wa porini kwetu ni wa jenasi Lepus: anajificha majanini, na watoto wake wanazaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu wa kwenye tenga ni Oryctolagus cuniculus. Mwituni anachimba mashimo, na watoto wake wanazaliwa uchi, macho yamefumba. Wote tunawaita sungura, basi tukawachanganya.

Kwao ni Hispania na Ureno. Watu walimfuga, wakamsambaza duniani. Mwaka 1859 Thomas Austin aliachia sungura wachache kwenye shamba lake Australia, wakazaana mpaka wakawa janga. Mwaka 1950 Australia ikaamua kuwaua kwa virusi vya miksomatosisi. Miaka miwili baadaye daktari mmoja Mfaransa, Armand-Delille, akaviingiza shambani kwake ili kupunguza sungura waliokuwa wakimsumbua. Havikukaa shambani. Vilienea Ulaya, vikafika mpaka Hispania, kwa sungura ambao hawakuwa na kosa lolote.

Kabla hawajapona vizuri, mwaka 1984 ukaibuka China ugonjwa mwingine wa virusi, unaovujisha damu ndani ya mwili. Nao ukafika Ulaya.

Matokeo? Mwaka 2019 shirika la IUCN lilitangaza kwamba sungura huyu, huko kwao, yuko hatarini kutoweka. Na linksi wa Iberia, paka mwitu anayemtegemea kwa chakula, akakosa riziki pamoja naye.

Kwa hiyo mnyama anaweza kujaa kwenye matenga ya dunia nzima huku akiisha kwao. Tenga likijaa Kariakoo halituambii lolote kuhusu hali ya porini, si Hispania wala hapa kwetu. Na ukimchoka uliyemnunua, tafadhali usimwachie porini. Mpe jirani anayefuga. Australia walianza na wachache tu.