Mapenzi ya Watoro

Kila zama huwa na vitabu ambavyo vijana husoma kwa siri na wazee huvilaani hadharani. Miongoni mwavyo ni hadithi za mapenzi ya moto baina ya watu walioasi sheria: mwanamke amekimbia, mwanamume anasakwa, na dunia wanayoishi imegeuka jela isiyo na kuta. Tumesikia ikisemwa, tena na watu wenye elimu na heshima zao, kwamba hadithi za namna hii ni takataka zilizoletwa na mawimbi ya ng'ambo, wala hazina mzizi katika utamaduni wetu. Kuhusu ufundi wa lugha na utovu wa haya wa baadhi ya kurasa hizo hatutabishana na mtu. Lakini kuhusu mzizi, twaomba ruhusa tubishe.

Neno lenyewe li mbele yetu: mtoro. Leo ni mtoto asiyekwenda shule, au karani asiyefika kazini. Na sisi tulioishi maofisini tumeliandika mara nyingi katika barua za onyo bila ya kujiuliza lilikotoka. Katika karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na onyo lake halikuandikwa kwenye karatasi.

Yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, ya miwa huko Pangani, na ya nafaka huko Malindi. Mtumwa hakuweza kuoa wala kuolewa bila ya idhini ya bwana. Mtoto wa mjakazi aliyeolewa na mtumwa mwenzake alikuwa mali ya bwana wa mama yake. Mume akiwa wa huyu na mke wa yule, deni moja la bwana mmoja au kifo chake kiliweza kuwatenga, mmoja akabaki shambani na mwingine akapakiwa jahazini. Mapenzi yao yalikuwa kitu cha kuazima, na mwenye kuazimisha angeweza kukidai wakati wowote. Waandishi wa hadithi za kubuni hujitahidi kuunda dunia ambamo kupendana ni kosa. Pwani yetu haikuhitaji kuundiwa.

Basi watu walikimbia. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, wakajenga boma lao Kikogwe. Upande wa kaskazini Ahmed, aliyeitwa Simba, Sultani wa Witu, aliwapokea watoro, wadeni na kila aliyekosana na watawala wa Zanzibar, akafanya jeshi. Huko Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Kilifi, Wagiriama waliopokea Ukristo walianzisha makazi karibu na mwaka 1879, na watoro wakamiminika. Kiongozi mmoja wa makazi hayo, David Koi, alikamatwa na wenye watumwa, akauawa mwaka 1883. Alikufa kwa sababu alikataa kuwafungia mlango watu waliokuja usiku na watoto mgongoni, na bado jina lake halijulikani na watoto wa shule wengi wanaojua majina ya masultani wote kwa mpango.

Tusiwapambe watoro kupita kiasi. Watu wa Witu walivamia mashamba ya majirani na kuteka watu, na aliyeponea utumwani hakuona haya kila mara kumtia mwenzake humo humo. Lakini katika makazi hayo mwanamume na mwanamke waliweza kuoana kwa hiari yao wenyewe. Huko Rabai wenye watumwa walikwenda kwa wamisionari kudai mali yao, na ugomvi ule haukwisha mpaka Kampuni ya Waingereza ilipolipa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400, wakapewa hati za uhuru mnamo Januari 1889. Kila hati ilikuwa pia, kwa namna fulani, cheti cha ndoa kilichochelewa.

Yuko mtoro mmoja wa mapenzi anayekumbukwa na kila mtu. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alipendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, jirani yake katika Mji Mkongwe. Alishika mimba, na Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaolewa mwaka 1867, kisha akaenda Hamburg. Mume wake alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1886, na chumba chake kilitengwa katika jumba la makumbusho la Zanzibar. Hatumwonei kijicho, aliteseka kweli. Lakini katika kitabu hicho hicho, mwanamke huyu aliyevuka bahari ili ampende amtakaye aliutetea utumwa. Haikumpitia kwamba wajakazi wa nyumbani kwao nao walikuwa na majirani.

Na sheria? Utumwa ulipofutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri ile, kwa hoja kwamba wao ni kama wake. Iliwabidi wangoje mpaka 1909. Kwa miaka 12 mtumwa wa jembe aliweza kwenda kudai uhuru wake, na mtumwa wa kitanda hakuweza. Anayetaka kujua kwa nini mwanamke anayekimbia usiku amekaa sana katika fikra za watu wa pwani, na aisome amri hiyo kabla ya kuzilaumu sinema za ng'ambo.

Kwa hiyo Shafi Adam Shafi alipotoa riwaya yake ya Vuta N'kuvute mwaka 1999, hakuazima kitu kwa mtu. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye umri wa kumzaa. Anakimbia, jamaa zake wanamkataa, na anampenda Denge, anayepambana na wakoloni na kuandamwa na polisi. Mapenzi yao hayakufichwa nyuma ya pazia, na wako waliokunja uso. Mwaka 2021 riwaya hiyo ikawa filamu ya Amil Shivji. Mwandishi hakuwapa wapenzi hao nyumba ya pamoja: Denge ana safari yake, na Yasmin hatimaye anaolewa na Bukheti, aliyekuwa jirani yake wa Mombasa. Wasomaji wengi wamemlaumu kwa mwisho huo. Sisi tunaona kwamba aliijua historia, kwa kuwa watoro waliofika pamoja walipoondokea walikuwa wachache.