Siku Punda Anapotuliwa Mzigo

Ukisimama asubuhi kwenye njia ya vumbi itokayo Hedaru kuelekea nyikani, safu ya Upare Kusini ikiwa mgongoni mwako, haupiti muda kabla hujapishana na punda. Wanakuja na madumu ya maji ubavuni, wengine wamebeba magunia, wengine kuni, na nyuma yao anatembea mtoto au mama wa Kimasai mwenye fimbo ambayo haitumii sana. Farasi hutamwona. Kwa hiyo mtu akiuliza historia ya mashindano ya wanyama wa kupandwa katika Afrika Mashariki, hawezi kuanza na farasi kama Wazungu wanavyoanza. Itampasa amwangalie punda, na mwisho safari itamfikisha Lamu.

Farasi alikosekana kwa sababu ya mbung'o, na kwa sababu ya maradhi mengine yanayoletwa na visubi wa usiku. Mwaka 1895, David Bruce, akiwa nchi ya Wazulu, aligundua kijidudu kinachosababisha nagana, ugonjwa ambao mifugo huambukizwa na mbung'o porini. Ng'ombe hudhoofika, lakini farasi huanguka mapema zaidi. Punda naye huugua, ila ana ustahimilivu ambao farasi hana, na yale maradhi ya visubi humpitia kwa wepesi. Huyu ni mnyama wa bara letu: wataalamu wa chembe za urithi wanasema alifugwa kwanza Afrika, upande wa kaskazini-mashariki, miaka 7,000 hivi iliyopita. Farasi alikuja kwa merikebu.

Mara moja tu farasi walipita upande wetu huu kwa wingi, na hawakuja kushindana. Mei 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jan Smuts lilishuka kutoka Kilimanjaro likifuata Mto Pangani na reli ya Tanga, likiwasukuma askari wa Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambao walirudi nyuma huku wakivunja madaraja na kung'oa reli. Reli hiyo ilikuwa imefika Moshi miaka michache tu kabla ya vita, na Hedaru ipo juu yake, kati ya Same na Buiko. Mwisho wa mwezi jeshi lilikuwa Buiko. Katika vita ile farasi, baghala na punda walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na wapanda farasi wa Afrika Kusini wakajikuta wanatembea kwa miguu. Mizigo ilihamia vichwani mwa wapagazi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Jina hilo la Nairobi lina jirani wa kufikirisha. Barabara inayopita hapo Kariokor mpaka leo inaitwa Race Course Road, kwa kuwa walowezi walikuwa na uwanja wao wa mbio za farasi upande huo kabla ya kuhamia Ngong mwaka 1954. Saisi Mwafrika aliamka alfajiri kumlisha, kumsugua na kumtembeza mnyama ambaye hakuwa na ruhusa ya kumwita wake. Mbio za Ngong zinaendelea hata sasa, na wapanda farasi wengi ni Waafrika, lakini farasi wa Ngong hana kazi nyingine ila kukimbia. Hilo ndilo linalonifanya nisiwekee moyo wangu pale.

Maana yale mashindano ya farasi ya majaribio matatu yanayosifiwa Ulaya hayakuanza kama mchezo wa kukimbia tu. Yalikuwa mtihani wa jeshi. Afisa alitakiwa kuonyesha kwamba farasi wake anatii uwanjani, kwamba anaweza kwenda mbali porini akiruka magogo na mifereji, na kwamba kesho yake bado ana miguu mizima ya kuruka viunzi. Yalipoingia kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, walioshindana walikuwa wanajeshi peke yao. Mwanamke hakuruhusiwa katika fani hiyo ya Olimpiki hadi Tokyo mwaka 1964. Baada ya Olimpiki ya London ya 1948, Duke wa Beaufort alifungua shamba lake la Badminton, huko Gloucestershire, na mwaka 1949 yakafanyika mashindano ya kwanza ya pale. Yamekuwa ya kila mwaka tangu hapo, isipokuwa miaka iliyoharibiwa na mvua au magonjwa. Swali la msingi halikubadilika: je, mnyama huyu wa kazi ametunzwa vizuri kiasi cha kuweza kazi ya kesho?

Swali hilohilo linaulizwa Lamu, na huko halikuletwa na jeshi.

Mji wa Lamu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba ambavyo gari haliwezi kuingia. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa kuta za pande zote mbili katika sehemu zake zilizobana. Kila kinachoteremshwa gatini, saruji, mchanga, boriti, mchele, kreti za soda, huingia mjini juu ya mgongo wa punda. Punda wa kisiwa kile ni maelfu. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mara nyingi wageni huandika juu ya milango ya kuchonga. Milango hiyo nami naipenda, lakini kila jiwe lililo nyuma yake lilibebwa na mtu au punda.

Mbio za punda ni sehemu ya Maulidi ya Lamu, na Maulidi hayo hayatengani na jina la Habib Swaleh bin Alawi Jamal al-Layl. Alikuja kutoka Ngazija akiwa kijana, akakaa Langoni, upande wa kusini wa mji, akaanza kufundisha watu ambao waungwana wa Lamu hawakuwa tayari kukaa nao darasa moja: watumwa, watu waliotoka utumwani, na Wahadhrami maskini waliohamia. Msikiti wa Riyadha ulijengwa huko karibu na mwanzo wa karne ya 20. Humo yakasomwa maulidi ya Ali al-Habshi wa Seiyun, kwa sauti na matari, jambo lililowakera baadhi ya wanazuoni wa wakati ule. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Mpaka leo, mwishoni mwa Mfunguo Sita, majahazi na mabasi huleta watu kutoka pwani nzima, na hata ng'ambo, kuja kuzuru kaburi lake na kusoma usiku Riyadha.

Mchana kuna goma, kirumbizi, bao, kuogelea, mashindano ya majahazi, hati za Kiarabu, na punda. Sioni ajabu kwamba ibada iliyowafungulia wachukuzi milango ikampa nafasi mnyama wa wachukuzi.

Siku ya mbio, barabara ya pwani hujaa tangu mbele ya gati. Watoto wako juu ya kuta, akina mama wako madirishani na vibarazani. Wapandaji ni vijana wa kiume, wale wale wanaoswaga punda siku nyingine zote. Hakuna tandiko wala vikuku vya miguu. Kijana hukaa nyuma, karibu na kiuno cha punda, magoti yamebana, na humwongoza kwa kamba, kwa kiganja shingoni na kwa sauti. Hapo ndipo ujuzi unapojulikana. Punda haogopeshwi kirahisi akaenda. Akishuku jambo husimama, na ukimpiga husimama zaidi. Kila mwaka wapo wanaosimama katikati ya njia huku mbio zikiwapita, na wapo wanaogeuka kuelekea nyumbani. Anayeshinda mara nyingi ni yule ambaye punda wake anamjua, na kujuana huko hakununuliwi wiki moja kabla ya Maulidi.

Mwaka 1987 The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua kituo cha tiba mjini Lamu. Punda walitibiwa bure vidonda, minyoo na kwato. Kisha yakaanza mashindano ya pili: kumtafuta punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Hapa hapimwi kwa kasi. Waamuzi huangalia mgongo, manyoya, macho, kwato, na namna anavyokubali kuguswa. Kwangu hili ni jambo kubwa kuliko mbio zenyewe. Lugha yetu ina methali ya zamani, punda afe mzigo wa bwana ufike, nayo imetumika kuwafunika watu vilevile. Kuwaita wachukuzi wa Lamu wasimame mbele ya mji wao wakiwa wameshika kamba za wanyama wasio na kidonda, na mtu apewe zawadi kwa sababu hiyo, ni kuijibu methali ile hadharani.

Jibu hilo limehitajika zaidi miaka hii. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa China kutengeneza dawa iitwayo ejiao, ilifanya punda wa Afrika Mashariki waibwe usiku na kuchinjwa vichakani. Kenya ilifungua machinjio, ikayapiga marufuku mwaka 2020, na marufuku hiyo ikatenguliwa mahakamani mwaka uliofuata. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Familia iliyoibiwa punda hurudi kubeba maji kwa kichwa, na kichwa hicho kwa kawaida ni cha mama au cha binti aliyetakiwa kuwa shuleni.

Hedaru hatuna Maulidi ya ukubwa ule, wala bahari. Tuna stesheni, tuna barabara kuu, tuna vilima vinavyoanza mara moja baada ya nyumba za mwisho, na punda tunao. Ningependa siku moja nione njia ya kutoka stesheni hadi chini ya mlima imesafishwa, vijana wa Kipare na wa Kimasai wamejipanga, na akina mama nao, kwa kuwa hapa wao ndio wanaoongoza punda wengi. Kabla filimbi haijapigwa, waamuzi wapite kwa kila mnyama, wainue soji, waweke kiganja juu ya mgongo. Mwenye kidonda asikimbie siku hiyo. Apelekwe kivulini, apewe maji, na daktari wa mifugo aanze kazi na yeye.