Likizo ya kujipikia Kanda ya Ziwa: Kamilisha manunuzi kabla ya boti ya Rubondo

Si lazima likizo iwe Zanzibar, na si lazima kila mlo uwe wa hotelini. Ukiwa Shinyanga, Kahama au Geita, ufukwe wako ni Ziwa Victoria: kuna Jiji la Mwanza, na kuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyopo mkoani Geita. Familia ikijipikia, pesa ya sahani za hotelini inabaki kwa ajili ya boti na kiingilio.

Shida ni moja: wengi hupanga malazi kwanza, chakula wanakikumbuka wakiwa tayari mwaloni. Rubondo hakuna kijiji wala soko. Ulichobeba ndicho utakachokula.

Huu hapa mpango wa siku tano: usiku 2 Mwanza, usiku 2 Rubondo.

Mwanza: uliza kuhusu jiko kabla ya kulipa

Nyumba na apatimenti za kupanga kwa siku zipo, ila "kuna jiko" si jibu la kutosha. Uliza:

- Mtungi una gesi, au unajaza mwenyewe?
- Umeme wa LUKU unalipa nani?
- Sufuria, visu na friji vipo?
- Maji yanatoka kila siku?

Omba picha au video ya jiko. Usitume pesa yote kwa nyumba ambayo hujaiona.

Samaki na dagaa utavipata mwalo wa Kirumba. Nenda asubuhi. Matembezi ya bei poa ni Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji tangu 2013. Ni dakika chache tu kwa boti.

Barabarani: kivuko hakikusumbui tena

Zamani safari ya Mwanza na Geita ilitegemea foleni ya kivuko pale Kigongo–Busisi. Tangu Juni 19, 2025 unapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na unavuka kwa dakika chache.

Baada ya Geita, fuata barabara ya Chato. Katoro ni mji wa biashara. Malizia manunuzi makubwa hapo. Boti za kwenda Rubondo huondokea Muganza, wilayani Chato, au Nkome, wilayani Geita. Boti na malazi vipangwe mapema na TANAPA. Usifike mwaloni ukitegemea bahati.

Kapu la Rubondo

Hifadhi ina mabanda ya bei nafuu kuliko hoteli, na wageni wanaweza kujipikia. Thibitisha vyombo na nishati ya kupikia siku unapoweka nafasi.

Usiku 2 ni kama milo 6. Ongeza chakula cha siku moja, maana upepo ziwani unaweza kuchelewesha boti. Kwa watu wanne, nusu hadi robo tatu ya kilo ya mchele inatosha mlo mmoja.

Beba visivyooza haraka: mchele, sembe, maharage yaliyochemshwa ya siku ya kwanza, dagaa wakavu, karanga, vitunguu na viazi. Michembe na matobolwa ndiyo akiba ya Wasukuma isiyohitaji friji: asubuhi na chai, mambo yameisha. Usitegemee kununua sato kisiwani, kwa kuwa uvuvi wa biashara hauruhusiwi ndani ya hifadhi.

Tumia ndoo yenye mfuniko au mifuko mbadala. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Takataka zako rudi nazo.

Gharama

Mtanzania analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, hivyo beba kitambulisho cha NIDA. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo panga muda wa boti kwa akili. Malipo ni kwa namba ya malipo. Yamalize ukiwa bado na mtandao mzuri.

Boti ndiyo inayoweza kula bajeti. Mkiwa kundi, mnachangia na gharama ya kila mtu inashuka.

Usalama

- Vaeni jaketi okozi mwanzo hadi mwisho, watoto pia. Ajali ya MV Nyerere ya Septemba 20, 2018, karibu na Ukara, iliua zaidi ya watu 200.
- Msiogelee ovyo. Ziwa lina kichocho, na Rubondo kuna mamba na viboko.
- Chemsheni maji ya kunywa. Bebeni vyandarua na dawa ya mbu.
- Mwenye mafua asiende kuwaona sokwe. Wanaambukizwa magonjwa ya binadamu.

Utaona nini?

Rubondo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kuna nzohe, tembo, twiga, furukombe na sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Simba hakuna. Juni hadi Agosti ni kiangazi, na njia za msituni hupitika vizuri zaidi.

Kabla ya kupanda boti, fungua kapu na uhesabu milo. Kama kiberiti au chumvi umesahau, bado uko karibu na duka.