Jembe la Mpini Mfupi na Migongo ya Vibarua wa California

Ergonomia ni elimu inayochunguza jinsi ya kulinganisha kazi na zana zake na maumbile ya mwili wa mtu, ili mwili usiumie kwa kulazimishwa kuifuata kazi. Fikra yenyewe ni ya zamani, kwani mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, akaeleza humo kwamba mikao mibaya huharibu maungo kidogo kidogo. Sheria, hata hivyo, ilichelewa sana kuufuata utabibu, kama inavyoonyesha historia ya jembe la mpini mfupi katika jimbo la California nchini Marekani.

Jembe hilo, lenye mpini wa kati ya futi moja na mbili, lilitumiwa na vibarua, wengi wao wenye asili ya Meksiko, kupunguzia miche na kupalilia letusi na mazao mengine katika Bonde la Salinas. Aliyelishika hakuweza kulima bila kukunja kiuno hadi uso ukaribie matuta, na katika mkao huo uzito wa kiwiliwili huzielemea pingili za chini za uti wa mgongo pamoja na visahani laini vinavyozitenganisha, ambavyo vikibanwa hivyo kutwa, msimu baada ya msimu, huchakaa. Wenye mashamba walidai kwamba mpini mrefu ungeharibu miche. Vibarua nao walijua kwamba mpini mfupi ulimfaa msimamizi, maana aliyenyoosha mgongo apumzike alionekana tangu mbali.

Mwaka 1972 wanasheria wa msaada wa kisheria vijijini, akiwemo Maurice Jourdane, waliiomba mamlaka ya usalama kazini ilipige marufuku jembe hilo. Madaktari walishuhudia kwamba jembe hilo huleta ulemavu wa kudumu, lakini mwaka 1973 ombi likakataliwa kwa hoja kwamba kanuni ilikataza zana mbovu tu, na jembe hilo halikuwa bovu. Januari 1975 Mahakama ya Juu ya California ilitengua tafsiri hiyo, ikaamua kwamba hata zana nzima yaweza kuwa ya hatari kutokana na namna inavyotumika. Uamuzi huo, unaobeba kiini cha ergonomia, unastahili kukumbukwa zaidi kuliko unavyokumbukwa. Mwaka huohuo jembe likapigwa marufuku.

Hata hivyo, palizi ya mikono mitupu iliendelea, nayo humwinamisha kibarua vilevile. Ilidhibitiwa mwaka 2004 kwa kanuni iliyoizuia pale ambapo zana ya mpini mrefu ingefaa, isipokuwa katika mashamba ya kilimo hai, ambayo yalisamehewa.