Kuchuja matangazo ya ardhi kwenye ukurasa wa ndani wa ofisi

Ukurasa wa ndani ni ule unaofunguka tu kwa kompyuta zilizounganishwa na mtandao wa ofisi. Huu wetu hapa Ukunda, ninaoutunza mimi, huvuta habari kutoka tovuti za nje: kukatika kwa umeme, hali ya bahari, na hasa matangazo ya ardhi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hayo ndiyo yaliyotufanya tuuanzishe.

Gazeti hilo hutoka kila Ijumaa, kwa Kiingereza, na ni la nchi nzima. Mtu akidai hati ya shamba imepotea, msajili wa ardhi hutangaza humo kwamba siku 60 zikipita bila pingamizi atatoa hati mpya. Je, Msambweni ni nyumba ngapi zinalisoma? Hati ya marehemu babu imo sandukuni, kumbe kuna mtu keshaapa kuwa imepotea. Na siku huhesabiwa tangu tarehe ya tangazo, si tangu ulipopata habari.

Kazi yenyewe hufanywa na kompyuta moja, usiku. Tovuti nyingine hutoa mlisho wa RSS, yaani orodha ya vichwa, tarehe na viungo iliyopangwa ili isomwe na programu. Pasipo mlisho, programu hufungua ukurasa wenyewe na kutafuta maneno tuliyoipa. Yanayolingana hubaki, mengine hutupwa.

Basi kila kitu ni maneno. Nilipoweka "Kwale" peke yake, zilikuja hadi zabuni. Nikabana nikaacha "Diani" na "Msambweni", nikapoteza mashamba ya Kinondo, kwa kuwa hayo husajiliwa kama Kwale/Galu Kinondo. Ng'ombeni ndiyo iliyonichosha: huku imeandikwa kwa alama ya king'ong'o, kule bila, na alama yenyewe ina maumbo mawili ambayo kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Kifumbu chenye matundu makubwa huachia machicha, chenye matundu madogo hukataa tui. Mimi sasa naona heri machicha. Kurasa zilizopigwa picha tu hazichujiki kabisa. Hizo nazisoma kwa macho.

Kosa langu kubwa halikuwa la maneno. Wiki kadhaa ukurasa uliandika "hakuna jipya", nami nikaamini. Kumbe anwani ya tovuti ilibadilika, programu ikawa yapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Mama mmoja wa Kinondo alikuwa akipita kila Jumatatu kuuliza, nami namjibu, "Hakuna, mama, uwe na amani." Nilipogundua, siku 41 za tangazo la shamba lao zilikuwa zimekwisha. Pingamizi liliwahi, lakini kumtazama usoni siku ile kulinishinda.

Tangu hapo ukurasa huonyesha juu kabisa tarehe ambayo gazeti lilisomwa mwisho, na zikizidi siku 8 maandishi huwa mekundu. Kila tangazo huwekwa kwa maneno yake yaleyale ya Kiingereza, nambari yake na kiungo cha asili. Chini naongeza maelezo kwa Kiswahili na tarehe ambayo siku 60 zitatimia. Habari za magazeti ya kawaida tunaonyesha kichwa na kiungo tu, maana makala ni mali ya wenyewe.

Anayetaka shamba lake liingizwe kwenye kichujio aje na nambari ya hati kama ilivyoandikwa, pamoja na mikwaju yake. Jina la kijiji pekee halitoshi.