CD Haikuwa Feki, Ni Sweta Yangu ya Shule

Wasee, wacha niungame. Kuna CD moja niliharibu nikiwa darasa la nne, na miaka hii yote nimekuwa nikiambia watu ilikuwa feki.

Kitambo, kabla kila mtu Kawangware awe na simu ya intaneti, anko yangu alikuwa na kibanda cha CD karibu na stage ya 46. Aliuza mixi za madijei, injili, na zile filamu za DJ Afro. Ukitaka CD yako mwenyewe, unachagua nyimbo, anakuchomea. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kupanguza. Mteja akirudi akilalamika "hii inaruka," naipumulia CD, naisugua kwa sweta ya shule, mviringo mviringo, hadi ing'ae. Anko anapita akisema, "Sugua vizuri, we kijana." Nasugua.

Mwaka wa 2009 anko alimrekodi shosho kwa simu, akisimulia vile alifika Nairobi na nani alimpokea. Akachoma ile sauti kwa CD. Baadaye simu ikapotelea kwa matatu. Shosho akaaga. CD ikabaki. Na kwa sababu nilimpenda shosho, hiyo ndiyo niliisugua kuliko zote.

Mwaka jana nilipoicheza, ikaanza kuruka pale pale anapotaja jina la mtu aliyempokea. Ndio nikaanza kuuliza: ni nini hasa hufanyika ukisugua CD?

Jibu limeanza mbali. Miaka kama 2,600 iliyopita, Wagiriki waliona kwamba kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe, ukiisugua inavuta vitu vyepesi. Kwao kaharabu ni elektron, na Wazungu wakatoa jina la umeme hapo. Waajemi waliiita jina lenye maana ya mnyakua majani makavu. Waarabu wakalichukua, na leo kahraba kwa Kiarabu ni umeme. Sisi Waswahili tulibaki na kaharabu ya shanga na tasbihi. Yaani neno la umeme limekaa kwa lugha yetu miaka yote hiyo, tukidhani ni urembo tu.

Huo umeme wa kusugua ndio unaitwa umemetuli. Hauhitaji waya wala tokeni. Unautoa usiku ukivua sweta gizani na kuona cheche. Unapenda hewa kavu, kwa hivyo Nairobi utausikia zaidi Januari na Februari, jua likiwaka na vumbi likipanda. Na plastiki ndiyo kaharabu ya siku hizi: ukiisugua, chaji inakaa, haina pa kwenda.

Wazee wa santuri walijua hii shida vizuri. Miaka ya 1970 River Road ilijaa maduka ya santuri ndogo za benga na rumba. Santuri inachezwa na sindano inayogusa mfereji. Umemetuli ukivuta vumbi ndani ya mfereji, sindano inapita juu yake na unasikia kra-kra-kra. Hata chaji yenyewe ikiruka inaweza kutoa mlio kwa spika. Enda Kenyatta Market, hapo karibu na Kibera, kwa Jimmy Rugami ambaye ameuza santuri miaka na mikaka. Uangalie vile mtu anayezijua huzishika: kwa ukingo tu.

Halafu CD ikaja. Tarehe 1 Agosti 1982, Kenya kulikuwa na jaribio la mapinduzi. Siku kumi na sita baadaye, 17 Agosti, kiwanda cha Langenhagen huko Ujerumani kilianza kutoa CD za kuuzwa. Philips na Sony walikuwa wameondoa sindano kabisa. Badala yake ni mwanga wa leza, unaosoma vishimo vidogo sana kupitia plastiki ya polikaboneti yenye unene wa milimita 1.2. Muziki umegeuzwa namba, sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa stirio.

Sasa hapa watu wengi hukosea. Huko ng'ambo kuna watu waliuziwa dawa na mashine za bei ya kuondoa umemetuli kwa CD, ati besi itakuwa tamu. Wengine walipaka ukingo wa CD rangi ya kijani. Mimi naona hiyo ni biashara ya kuuzia watu imani. Mwanga haujali chaji. Namba ikisomeka sawa, ni ileile, uwe Lavington au Gatina. Hata kavumbi kadogo hakaoni leza, kwa sababu juu ya plastiki mwanga wake bado ni mpana, unakuja kukutana kule ndani kwenye vishimo. Na namba zimepangwa kwa ujanja: kipande cha karibu milimita mbili na nusu kikipotea kwa mstari, mashine inaweza kukikokotoa na kukirudisha.

Kwa hivyo umemetuli hauharibu sauti. Unachofanya ni kuita vumbi. Aliyemaliza CD ni mimi.

Fikiria. Sweta ya nailoni na akriliki inasugua plastiki, chaji inajaa. Vumbi la barabara ya murram na masizi ya jiko vinakuja kukaa. Nasugua tena, na sasa nasugua mchanga. Mchanga ni mgumu kuliko polikaboneti, unachora. Na kwa sababu nilisugua mviringo, mikwaruzo ilifuata njia ileile leza inapita, ikala namba nyingi mfululizo kuliko mashine inavyoweza kurudisha. Ningepanguza kutoka katikati kwenda ukingoni, kila mkwaruzo ungekata njia mara moja na kuachia hapo. Kitu cha maana nilichofanya ni kuipumulia tu, maana unyevu hupunguza chaji.

Tulizoea kusema CD zinaruka kwa sababu ni za mtaa, za mia hamsini, za watu maskini. Hapana. Hatukuambiwa tu vile plastiki hufanya kazi.

Niliosha CD ya shosho kwa maji na sabuni kidogo, nikaikausha kwa kitambaa laini cha pamba, moja kwa moja hadi ukingoni. Sehemu kubwa ilirudi, na nimeihifadhi mahali patatu. Lile jina halikurudi. Nimeuliza anko, hakumbuki. Waliolijua wengine wameshazikwa.

Kama kwenu kuna CD za kuchomwa, za harusi, za kwaya, za mazishi, zitafute wiki hii. Ile rangi inayobeba namba ndani yake inaisha kwa joto na mwanga hata usipoigusa. Nakili kwa simu na kwa flashi. Na kabla ya hapo, tafadhali, weka hiyo sweta chini.