Kutoka OLX hadi Jiji: duka la mtandaoni linavyohama

Juzi nilikuwa nyumbani Kosele, karibu na Oyugis, binamu yangu akaniuliza swali lililonikosesha usingizi. Anauza vipuri vya pikipiki mtandaoni, na anataka kuacha anwani yake ya .co.ke achukue ile fupi ya .ke, ambayo KENIC iliifungua kwa umma mwaka 2017. "Omera, nikihama Google si itanisahau?" Wateja wake wengi hawajui hata jina la duka. Wanaandika jina la kipuri kwenye Google, basi.

Nikamwambia wakubwa walishahama kabla yake. Juni 2016 Africa Internet Group iliziweka tovuti zake chini ya jina moja: Kaymu ikawa Jumia Market, Hellofood ikawa Jumia Food, Jovago ikawa Jumia Travel. Kisha Aprili 2019 Jiji, iliyoanzia Nigeria, ikatangaza kununua biashara ya OLX katika nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwemo. Watumiaji wa OLX wakaelekezwa Jiji. (Nilikuwa chuo wakati huo, nasaka laptopu ya mitumba. Sikuipata.)

Kinachobeba mizigo katika safari kama hizo ni namba 301. Si jambo jipya: imo kwenye waraka wa HTTP/1.0 wa Mei 1996, na maana yake ni kwamba ukurasa umehama kabisa. Jirani yake 302 husema umehama kwa muda tu. Seva ikitoa 301, Google huanza kuuhesabia ukurasa mpya viungo vilivyokuwa vya ule wa zamani. Miaka mingi watu wa SEO waliamini kwamba sehemu ya PageRank humwagika njiani, hadi mwaka 2016 Google iliposema haimwagiki. Tangu Juni 2009 kuna pia fomu ya kuwaarifu Google kwamba umebadilisha anwani. Ijaze, lakini 301 ndizo kazi yenyewe.

Sasa hapa ndipo wengi huumia. Fundi wa binamu yangu alitaka kurasa zote za zamani zielekezwe ukurasa wa mwanzo wa duka jipya. Kazi ya dakika tano! Lakini Google huona mteja aliyetafuta kabureta akipelekwa mlangoni, nayo huhesabu kwamba ukurasa wa kabureta haupo tena. Kila ukurasa lazima uelekezwe kwa mwenzake: kabureta kwa kabureta, cheni kwa cheni. Tulikesha na jedwali, anwani ya zamani kushoto, mpya kulia.

Tulibishana pia kuhusu pesa. Yeye alitaka kuacha kulipia .co.ke siku ileile ya kuhama. Google wanashauri maelekezo yabaki angalau mwaka mmoja, na anwani ikiisha muda 301 zote hufa nayo, tena mtu mwingine anaweza kuisajili. Amelipia zote mbili, huku akinung'unika.